Kumfundisha Mchoraji: Maisha ya Edward Saidi Tingatinga katika Darasa la Tano

Walimu wanafunzi wengi tunaowatembelea wakati wa mazoezi ya kufundisha hukiona kipindi cha sanaa kuwa mapumziko baada ya hesabu. Mwalimu hubandika picha ubaoni, wanafunzi huichora, madaftari hukusanywa, kengele hupigwa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kipindi hicho chaweza kubeba mambo mazito, na tutafanya hivyo kwa kutumia maisha ya mchoraji mmoja Mtanzania. Lakini kwanza hatuna budi kusimulia jambo lililotupata sisi wenyewe, kwani ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Tulikuwa katika kata ya Nyakitonto, katika shule ambayo hatutaitaja jina, tumeketi nyuma ya darasa la tano na fomu zetu za tathmini magotini. Mwalimu mwanafunzi, kijana mwenye bidii na andalio la somo lililoandikwa kwa hati nzuri, aliandika mada ubaoni: Tingatinga. Akauliza ni nani ajuaye maana yake. Mikono ikainuka kila upande. Mtoto mmoja akasema tingatinga ni mtambo wa kutengenezea barabara. Mwingine akaongeza kwamba aliwahi kuliona likisukuma udongo na kung'oa mti pamoja na mizizi yake. Darasa likachangamka. Mwalimu akasema, "Hapana, leo tunazungumza juu ya picha," akabandika ubaoni ukurasa wa kalenda ya zamani wenye picha ya tembo, akawaagiza wachore kama wanavyoona.

Kipindi kilipokwisha, darasa zima lilikuwa limechora tembo yule yule, mkonga umeinuliwa upande ule ule. Darasa zima, isipokuwa msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha. Yeye alichora ng'ombe. Alikuwa ng'ombe wa pembe ndefu, wa namna tuwajuao sana huku Buha, na pembe moja ilikuwa imekatika katikati. Ng'ombe huyo aliujaza ukurasa wote hata mkia ukalazimika kupinda ili usitoke nje ya karatasi. Mwalimu akampa alama 2 kati ya 10, na chini yake akaandika kwa wino mwekundu: "Hukufuata maagizo."

Nasi tukaandika katika fomu kwamba somo lilikwenda vizuri.

Jioni ile, tulipokuwa tukiyapitia madaftari katika chumba cha walimu, ndipo tulipong'amua kwamba katika darasa lile zima mtoto aliyefanya jambo linalofanana na alilofanya Tingatinga alikuwa yule msichana peke yake. Tena andalio lile la somo lilikuwa limenakiliwa, karibu neno kwa neno, kutoka katika somo la mfano tulilolitoa sisi wenyewe chuoni. Hata kalenda ilikuwa yetu. Kwa hiyo lawama iliyomo katika makala haya isielekezwe kwa yule kijana.

Mwalimu ajue nini kabla ya kuingia darasani

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa nchi, katika familia ya wakulima. Shule aliipata kidogo, na uchoraji hakuusomea mahali popote. Katika miaka ya 1950 aliondoka kwao, kama walivyoondoka vijana wengi wa kusini, akaenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga.

Hapa mwalimu aliyeko mkoa wa Kigoma anayo bahati ambayo mwenzake wa mikoa mingine huenda asiwe nayo. Wakati wa ukoloni Kigoma ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa vibarua wengi wa mkonge. Neno "manamba" bado linakumbukwa katika familia nyingi za Kasulu na Kibondo, kwani mababu walisafirishwa kwenda Tanga na Morogoro kukata mkonge kwa mkataba, kila mmoja akiwa na namba yake. Mwalimu akiwaagiza wanafunzi wakaulize nyumbani ni nani katika ukoo aliyewahi kuwa manamba, atashangaa kwa habari watakazorudi nazo. Tingatinga, mtu wa Tunduru, atakuwa ameingia Nyakitonto kwa mlango uliokwisha kuwa wazi. Katika hatua zote za somo hili, hii ndiyo tuionayo kuwa na manufaa zaidi, na haihitaji hata kipande cha chaki.

Kutoka Tanga alikwenda Dar es Salaam, ambako alifanya kazi za nyumbani na za bustani kwa afisa mmoja wa Kiingereza. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 kazi za namna hiyo zilipungua, naye akaendelea kuhangaika kwa vibarua vya hapa na pale. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora picha za kuuza. Alikuwa na umri wa miaka 36. Tunapenda walimu wanafunzi waitazame tarakimu hii kwa makini, maana mara nyingi tumewasikia wakisema juu ya mtoto wa miaka 11 kwamba "hana kipaji cha kuchora".

Vifaa vyake vilikuwa vya mtu asiye na fedha. Hakuwa na turubai ya wachoraji wala rangi za wachoraji. Alitumia vipande vya ubao mwembamba wa mesonaiti, ule unaotumika katika ujenzi, vilivyokatwa mraba, kila upande kama futi mbili. Rangi yake ilikuwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, iliyouzwa madukani kwa makopo madogo. Rangi hiyo hung'aa, hukauka ikawa ngumu, wala haikubali kuchanganywa kwa ulaini kama zile za wasomi wa sanaa. Kwa hiyo picha zake zilikuwa na rangi kamili zilizokaa kila moja mahali pake: usuli wa rangi moja, na juu yake mnyama mmoja au ndege mmoja aliyeujaza mraba wote, chui, tembo, paa au tausi, mwili ukiwa umetiwa madoa na mistari. Watu wengi husifu mtindo huu bila kutambua kwamba sehemu yake kubwa ilitoka katika kopo la rangi. Kifaa kilimfundisha fundi. Mwalimu asiyelieleza jambo hili ameacha nusu ya somo.

Picha hizo ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, eneo la Oyster Bay, ambako wageni wengi waliokuwa wakiishi Dar es Salaam walikuja kununua mahitaji yao. Baadaye alipata ajira katika hospitali ya Muhimbili, akawa anachora baada ya saa za kazi. Wateja walipozidi, alianza kuwafundisha jamaa zake na watu wa kwao. Majina yao yanafaa kutajwa darasani, kwa kuwa bila wao tusingekuwa na habari ya kusimulia: Ajaba Abdallah, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo, Simon Mpata na Omari Amonde. Walikaa naye, wakamtazama anavyopaka usuli, wakapaka na wao.

Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi usiku akiwa ndani ya gari lililodhaniwa kuwa la wahalifu waliokuwa wakikimbia. Alifariki akiwa na miaka 40. Kazi yake yote ya uchoraji ilidumu kama miaka minne tu.

Walimu wanafunzi hutuuliza kama inafaa kuwaambia watoto habari hii. Wapo wanaoona ni afadhali kusema "alifariki" na kupita. Sisi hatukubaliani nao, angalau kwa darasa la tano na kuendelea. Mtoto wa umri huo amekwisha kuhudhuria misiba, na akificuliwa jambo na mwalimu wake leo, kesho atalisikia kwa mwingine likiwa limeongezwa chumvi. Ielezwe kwa sentensi moja au mbili, kwa utulivu, kwamba yalikuwa makosa, kisha mwalimu anyamaze kidogo. Wakiuliza maswali, yajibiwe. Kwa darasa la kwanza na la pili, yatosha kusema kwamba alifariki mapema.

Baada ya kifo chake wale wanafunzi wake hawakuiacha kazi. Walifundisha wengine, hao nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wachoraji hao waliunda chama cha ushirika kinachobeba jina lake. Kidogo kidogo picha zilibadilika. Mnyama mmoja aliyejaza mraba aliongezewa wenzake, miti, mlima Kilimanjaro, vijiji, masoko, hospitali na mafundi wa kienyeji wakiwa kazini. Jina la mtu likawa jina la mtindo, na leo mtu aweza kununua "Tingatinga" bila kujua kwamba palikuwa na mtu wa jina hilo. Yule mtoto aliyesema tingatinga ni mtambo hakukosea hata kidogo: neno analo, na mwalimu angelipokea kisha akaandika ubaoni mara mbili, mara moja kwa herufi ndogo na mara moja kwa herufi kubwa, angekuwa amefundisha tofauti ya nomino ya kawaida na nomino ya pekee bila kutumia kipindi cha Kiswahili.

Juu ya sanaa pendwa

Katika maktaba za vyuo hupatikana vitabu vinavyoeleza sanaa ya Marekani iitwayo popu, na wanachuo wengine wamewahi kutuuliza kama Tingatinga naye ni wa kundi hilo. Swali si baya. Mchoraji mashuhuri wa kundi hilo, Andy Warhol, aliyezaliwa Pittsburgh mwaka 1928, alianza kama mchoraji wa matangazo ya biashara. Mwaka 1962 alionyesha mjini Los Angeles picha 32 za makopo ya supu, kopo moja katika kila picha, kila picha na aina yake ya supu. Baadaye alichapa sura ile ile mara nyingi kwa kutumia kitambaa cha kuchapia, na karakana yake akaiita Kiwanda. Alifariki mwaka 1987.

Tofauti yao ni hii. Warhol alikichukua kitu cha dukani akakipeleka katika jumba la maonyesho, ili watu waliokizoea wakitazame upya. Tingatinga alichukua rangi ya dukani, akachora, akarudi kukaa na picha yake mlangoni pa duka. Hakuwa akilitania soko, bali alilihitaji. Tungependelea kumweka katika sanaa pendwa, kama tunavyosema fasihi pendwa: kazi iliyotengenezwa ipendwe na inunuliwe na watu wa kawaida. Hata hivyo jambo moja linawaunganisha, nalo linamhusu mwalimu moja kwa moja. Ni suala la kurudiarudia. Warhol alirudia kwa makusudi, na kurudia huko ndiko kulikokuwa maana ya picha. Wachoraji wa Oyster Bay walirudia kwa sababu mnunuzi aliyemwona tembo kwa jirani yake alitaka tembo kama yule. Je, mwanafunzi wetu wa Nyakitonto anaporudia tembo wa kalenda, anarudia kwa sababu gani? Kwa kuwa ameagizwa.

Kunakili kunafaa wapi

Tusije tukaeleweka kwamba tunapinga kunakili. Wale sita waliokaa na Tingatinga walinakili. Msichana wa Buha anayejifunza kusuka kikapu huanza kwa kuiga mkono wa mama yake, na hakuna anayemwambia avumbue kikapu kipya siku ya kwanza. Mwandiko wenyewe hufundishwa kwa kuiga. Kinachotakiwa ni mwalimu ajue anataka kiigwe nini. Wanafunzi wa Tingatinga waliiga namna ya kupaka usuli, namna ya kuijaza nafasi, namna ya kutia madoa. Hayo ni mambo ya mkono, na mkono hujifunza kwa kuiga. Lakini macho hayaigiki. Mtoto wa Nyakitonto ambaye hajapata kumwona tembo, akimchora kutoka katika kalenda, huchora kalenda. Ng'ombe wa nyumbani amemwona kila asubuhi tangu azaliwe, na anajua ni pembe ipi iliyokatika.

Kwa hiyo tulilipanga somo upya, na wiki mbili baadaye tukalifundisha pamoja na yule kijana katika darasa lile lile. Tunalieleza hapa kama lilivyokwenda, pamoja na mahali lilipokwama.

Siku ya kwanza hatukuchora kitu. Tuliingia na kopo tupu la rangi ya baiskeli tulilopewa na fundi wa baiskeli, na kipande cha boksi kilichokatwa mraba. Tuliuliza: mtu aliye na vitu hivi viwili tu aweza kutengeneza nini cha kuuza? Majibu yalikuwa mengi, na hapakuwa na hata moja lililotaja picha. Kisha tukasimulia maisha, tukianza na manamba. Tulisimulia kwa dakika 20 bila kuandika ubaoni. Mwishoni tulitoa kazi ya nyumbani: kila mmoja amtazame mnyama au ndege mmoja wa nyumbani kwao mpaka ajue jambo moja juu yake ambalo mwenzake hawezi kulijua.

Rangi tulizitengeneza siku ya pili, na mwalimu atenge vipindi viwili vinavyofuatana. Rangi ya mafuta hatuishauri kabisa kwa watoto, kwani harufu yake ni kali na haitoki katika sare. Tulichukua udongo mwekundu ambao wilaya yetu haina uhaba nao, udongo wa njano kutoka ukingo wa kijito, mkaa uliosagwa kwa rangi nyeusi, na vipande vya chaki vilivyotwangwa kwa rangi nyeupe. Kila kimoja kilichekechwa kwa kitambaa, kikachanganywa na uji mwepesi wa unga wa muhogo ili rangi ishike. Kwa brashi tulitumia vijiti vilivyotafunwa ncha na manyoya ya kuku. Hapa ndipo tulipokwama: uji wa kundi moja ulikuwa mzito mno, na rangi ilipokauka ikapasuka na kubanduka kama tope la dimbwi mwezi wa Julai. Uwe mwepesi kama maji ya mchele. Tena usilazwe, kwa maana siku ya pili hunuka.

Ndipo tukafundisha yale ya kuiga. Tulipaka usuli wa rangi moja mbele ya darasa, wakapaka na wao, vikaanikwa juani. Tulionyesha kwa mkono mtupu, bila kuchora, jinsi mnyama anavyoweza kuugusa ukingo wa mraba pande zote. Tulionyesha jinsi ya kutia madoa kwa ncha ya bua la mtama. Picha ya mfano hatukubandika. Yule kijana aliona vigumu sana kusimama mbele ya ubao usio na kitu, na kwa kweli hata sisi tulisikia vidole vikiwasha kwa kutaka kuchora angalau sikio.

Matokeo hayakuwa ya kushangaza kote. Wengine walichora kuku asiyetofautiana na jiwe. Watatu walichora tembo, na hatukuwazuia. Lakini tuliona mbuzi aliyefungwa kamba mguuni na kidonda cha kamba kimetiwa rangi nyekundu, bata aliyetazamwa kutoka juu, na mbwa mwenye masikio yasiyolingana. Tulipouliza juu ya masikio hayo tulipewa habari ndefu yenye fisi ndani yake.

Kuhusu utoaji wa alama, tunapendekeza hivi. Alama 3 zitolewe kwa usuli uliopakwa safi, 3 kwa mnyama aliyeijaza nafasi, na 4 kwa jambo moja lililotazamwa na mtoto mwenyewe, ambalo aweza kulieleza kwa kinywa akiulizwa. Kufanana na mnyama halisi kusitolewe alama. Wakaguzi wengine hawatakubaliana nasi, na mwalimu mwanafunzi ana haki ya kujua hivyo mapema. Aandike sababu zake katika andalio la somo, katika safu ya tathmini, ili akiulizwa aonyeshe kwamba alikusudia.

Limebaki suala la zile alama 2. Yule kijana alituuliza kama mwalimu aweza kubadili alama iliyokwisha kuandikwa kwa wino, na kama haitamshushia heshima mbele ya darasa. Tulimwambia kwamba hatukuwa na uhakika na hilo la heshima, ila daftari lilikuwa bado mezani. Akaifuta kwa mstari mmoja, akaandika alama mpya na sahihi yake, kisha akamwita msichana na kumwuliza habari ya ile pembe. Ilikatika, alisema, ng'ombe alipoteleza katika kijito mwaka wa mvua nyingi, na tangu siku ile huvuka akiwa wa mwisho.